Chupa Mbili, Mdomo Mmoja

Kama unasoma hii na mdomo wako umejaa vidonda, kaa hapa karibu na mimi. Usinijibu, najua kujibu kunauma. Mimi nimemaliza kemo zangu zote sita, na juzi nimekula ugali wa moto na samaki wa kukaanga mpaka kichwa chake. Huu mdomo unaokusimulia ndio ule ule uliokuwa umeshindwa hata kumeza mate. Najivunia, na sitaficha kwamba najivunia. Nimeingoja nafasi hii ya kuringa miezi mingi.

Naitwa Nafula. Kwetu Mumias jina hilo ni la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mama yangu husema siku hiyo mvua ilinyamaza ili mimi nisikike. Kazi yangu ni mdomo. Mimi ni emsii. Harusi, harambee za kanisa, ruracio, yaani ile siku Wakikuyu wanapeleka mahari, mimi ndiye nashika kipaza sauti. Nachekesha wazee wa Kikuyu kwa Kikuyu chao, na wakianza kuringa nawageuzia Kiluhya. Kuanzia Mwihoko mpaka Thika mjini watu wananijua sauti kabla hawajaniona sura.

Nimeolewa na Kamau, fundi wa mashine kwa kiwanda cha Thika, mtu mpole anayeongea sentensi tatu kwa siku, mbili zikiwa za salamu. Tunaishi Gatongora, Ruiru. Mtoto wetu ni Wanjiru, tunamwita Shiru, na amepewa jina la mama ya Kamau vile mila yao inataka. Hapo kuna jambo lazima ulijue. Kwa Wakikuyu, mtoto akipewa jina la nyanya yake, ni kama nyanya mwenyewe amezaliwa tena. Kwa hivyo mimi nilipomzaa Shiru, nilimzaa pia mama mkwe wangu. Tangu siku hiyo yule mama, na miaka yake sabini na kitu, ananiita "maitu", mama yangu. Akinipigia simu anasema, "Maitu, mtoto wako ako na njaa," na huyo mtoto ni yeye. Mimi namwita Cucu, yaani nyanya, kama Shiru anavyomwita.

Tulipendana na Cucu kwa kila kitu isipokuwa mrenda. Mrenda ni mboga yetu ya magharibi, inateleza, ukiinua kijiko inavutika. Mara ya kwanza nilimpikia, nikiwa bado bibi harusi, aliinua kijiko, akaangalia ile kamba inaning'inia, akakirudisha pole pole. "Maitu," akasema miaka mingi baadaye kila nilipomjaribu tena, "hiyo wape wenye shingo ndefu."

Basi. Uvimbe ulionekana kwa titi la kushoto mwaka ukiisha. Walikata, wakashona, kisha daktari akasema ni saratani, nitahitaji kemo sita, moja kila baada ya wiki tatu. Alivua miwani akaniangalia. "Mama Shiru, hizi sita tuzimalize bila kuruka. Tukiruka, tunaipa hii kitu nafasi."

Nikamwambia, "Daktari, mimi nimewahi kusimama na kipaza sauti kutoka asubuhi mpaka jua linatua bila kukaa. Sita ni nini?"

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimejiapia palepale kwenye kiti: sita, bila kuruka hata moja.

Ya kwanza ilikuwa Machi, kabla ya mvua, vumbi la Gatongora likiingia mpaka ndani ya sufuria. Nilitapika siku tatu, ya nne nikaamka nikaosha nguo. Nikamwambia Kamau, hii kemo inaogopwa bure. Ya pili ikaja na mvua. Nywele zikabaki kwa mto, kucha zikageuka nyeusi kama nimetoka kumenya ndizi mbichi. Hayo nilivumilia. Kitambaa cha kichwa nilikuwa navaa tangu zamani, na kucha ukipaka rangi nyekundu nani atajua?

Halafu ikaja ya mdomo.

Ilianza na mahali pakavu ndani ya shavu, kama pale githeri ya moto imekuchoma. Siku ya pili pakawa peupe. Ya nne hakukuwa na mahali pazima: ulimi, fizi, chini ya ulimi, nyuma kule koo linapoanzia. Asubuhi midomo ilikuwa imeshikana kwa damu kavu, naibandua na maji ya vuguvugu. Mswaki nikautupa. Chai ilikuwa adui. Hata uji, uji wa mtoto mchanga, uliingia ukichoma njia yote. Na ladha ilikuwa imekwenda, na harufu pia. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari.

Sasa fikiria emsii asiyeweza kusema "karibuni". Nilichukua daftari la zamani la Shiru, lile la hesabu, nikawa naandika. Nilikuwa naandika kwa herufi kubwa na alama za mshangao tatu tatu, maana hata kwa karatasi mimi sijui kunong'ona. Kamau alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari, na mimi nagonga meza ninangoja ajibu. Ugomvi wa daftari unachosha, jamani. Unaanza ukiwa na hasira, na mwenzako akifika mwisho wa ukurasa hasira imepoa na umesahau ulichotaka.

Kitu kimoja alifanya yule mwanaume sitakisahau. Alikuwa anakula jikoni amesimama, mgongo ukiniangalia, haraka haraka, ili nisione akitafuna. Nilimwandikia: KAA CHINI ULE KAMA BABA WA NYUMBA!!! Akasoma, akatikisa kichwa, kesho yake akala tena amesimama.

Hospitalini kabla ya kila kemo unapimwa uzito. Kwa ile benchi ya kungojea nilipata rafiki, mzee mmoja wa Mwihoko ambaye sote tulimwita Mzee Barafu, kwa sababu alikuwa anabeba vipande vya barafu ndani ya thamosi ya chai. Dawa ikianza kushuka kwa mshipa, yeye anaweka kipande mdomoni. Siku ya kemo ya tatu alininyooshea kikombe.

"Nyonya, mama. Usitafune. Ikiisha chukua ingine."

Baridi ile ilinipa nusu saa ya amani. Ukienda, uliza wauguzi kama yako inaruhusu, kisha jibebee barafu. Hiyo ni bure.

Lakini amani ya nusu saa si wiki tatu. Siku hiyo ya kemo ya tatu mizani ilionyesha nimeshuka kilo nyingine nne. Daktari alinipa dawa ya kusukutua, akaangalia ndani ya mdomo wangu na tochi, akakunja uso. "Ukirudi ukiwa hivi, na kilo zimeshuka tena, sitaweka ya nne. Siwezi kuweka hii dawa kwa mwili ambao hauli." Nilitikisa kichwa kumwambia nimesikia. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, mdomo ukiwa wazi, kwa sababu kuufunga kulikuwa kunauma zaidi.

Habari ikawafikia akina mama wawili. Mama yangu Mumias na Cucu kule Thika. Na kila mmoja akafanya kile anachojua.

Cucu anaishi Kiandutu, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ambayo amekaa tangu Kamau akiwa mdogo. Ploti nzima imebanana, lakini kando ya bomba la maji kuna mpera mmoja, na huo mpera ni wake kwa sababu ndiye aliyeupanda na ndiye anayefukuza watoto wasiuvunje. Kwao, mdomo ukiwa na vidonda, wanachuma majani machanga ya mpera, wanaosha, wanachemsha mpaka maji yabaki nusu, wanachuja kwa kitambaa safi mara mbili. Maji yanatoka ya kahawia. Unasukutua, unatema. Cucu akajaza chupa ya soda, akampa Kamau akitoka kazini. "Mwambie maitu asimeze. Aweke mdomoni ahesabu mpaka thelathini."

Wiki hiyo hiyo mama yangu alikuwa amewaza hivi: mtoto wangu hawezi kutafuna, basi apikiwe mrenda, mrenda unateleza wenyewe. Na mrenda wa kwetu haupikwi na maji ya bomba. Unapikwa na musherekha. Hayo ni maji ya majivu: unachoma maganda ya maharagwe, unaweka majivu kwenye chombo chenye matundu, unamimina maji juu, yanachuja chini tone kwa tone. Ukitia kidogo kwa sufuria, mrenda na kunde zinalainika ajabu. Kidogo, nimesema. Ni makali kama magadi, hata zaidi. Mama akajaza chupa ya soda, akafunga na gazeti, akatuma na basi.

Maji ya musherekha nayo ni ya kahawia.

Kamau alichukua mzigo wa basi siku ile ile aliyotoka kwa mama yake. Akatoa chupa zote mbili kwa mfuko mmoja, akatupa gazeti, akazipanga kwa dirisha la jikoni bega kwa bega. Mluhya yeyote angefungua kifuniko akajua. Kamau ni Mkikuyu wa Thika. Kwake zile zilikuwa chupa mbili za dawa, na kila mama alikuwa ametuma yake.

Jumapili baada ya kanisa akaniletea kikombe kimejaa, akasema ni dawa ya mama yake, nihesabu mpaka thelathini. Alikuwa na furaha, maskini, hatimaye ana kitu cha kufanya. Nilichukua funda kubwa, nikafunga mdomo, nikaanza kuhesabu.

Nilifika nne.

Sitakuambia yote. Nilitema kwa zulia. Nilisikia sauti inalia na nikashangaa ni nani. Shiru alikimbia na maji, jagi baada ya jagi, na Kamau amesimama katikati ya nyumba ameshika kikombe, anasema, "Ngai, Ngai, Ngai." Midomo yangu ilikuwa imevimba tayari. Nikavuta daftari nikaandika neno moja: MWAGA. Akaenda akamwaga chupa ile yote.

Hapo ningenyamaza, sasa hivi ningekuwa na hadithi fupi. Lakini ulimi huponza kichwa, na ulimi ukishindwa, vidole vipo. Nilichukua simu nikamwandikia Cucu: "Dawa yako imenichoma. Kama ulitaka kunimaliza ungengoja ugonjwa umalize kazi yake. Usinitumie tena majani yako." Nikatuma. Nikajisikia vizuri kwa muda wa kama dakika mbili.

Sasa, Cucu haoni herufi ndogo. Ujumbe ukiingia, yeye humpelekea jirani amsomee. Ilikuwa saa ya maji kufunguliwa, wanawake wote wa ploti wako kwa foleni na mitungi yao, na yule jirani ndiye msomaji wa Biblia kanisani kwao, hajui kusoma kitu kwa sauti ya chini. Akausoma wote. Pale bombani, chini ya ule mpera.

Nilijua hayo Jumatatu jioni Kamau alipopitia kwa mama yake. Alirudi akakaa mbele yangu, na akaongea zaidi ya sentensi tatu.

"Ulimwandikia mama nini? Nafula, nakuuliza. Imesomwa kwa bomba. Watu wote wamesikia ati mama yangu anataka kuua bibi yangu. Ameingia ndani amefunga mlango. Hata chai amekataa."

Tangu Shiru azaliwe ananiita Mama Shiru. Kuniita Nafula ilikuwa mara ya kwanza. Nikaandika: NA MDOMO WANGU JE??? Akasoma, akainuka, akatoka nje. Cucu hakunipigia tena. Alipiga kwa Shiru, na nilikuwa karibu nikasikia akiuliza, "Nafula anaendeleaje?" Nafula. Si maitu. Lile jina langu zuri lilinichoma kuliko kilichokuwa kwenye kikombe, lakini nilikuwa na kiburi changu bado, na nilikuwa naumwa.

Siku ya kemo ya nne daktari hakuhitaji tochi. "Leo hapana," akasema. "Nakupa wiki moja. Mdomo usipopona tutakaa chini tufikirie njia ingine." Mzee Barafu alinitazama nikipita nikirudi nyumbani bila bandeji mkononi, akavua kofia. Nilikuwa nimejiapia bila kuruka. Nilifika kwangu nikageukia ukuta.

Alhamisi ya wiki hiyo njaa ilinishinda. Nikamwandikia Shiru: NIPIKIE MRENDA. TUMIA MUSHEREKHA YA CUCU WA MUMIAS. KIDOGO! Shiru ni mtoto wa Ruiru kabisa lakini mrenda nimemfundisha mwenyewe. Akanunua mrenda na kunde sokoni, akachukua ile chupa iliyobaki dirishani, akapika. Baada ya muda nikamsikia.

"Mathe. Mathe, kuja uone. Hii kitu imekataa."

"Mm?"

"Imekataa kulainika. Na imekuwa black. Hii musherekha yenu imeexpire ama?"

Musherekha haiharibiki hivyo. Nikajikokota mpaka jikoni. Ndani ya sufuria kunde zilikuwa ngumu vile vile zilivyotoka sokoni, na maji meusi. Nikachukua chupa, nikamimina matone kiganjani, nikasugua vidole. Musherekha ukiisugua inateleza kama maji ya sabuni, hata mtoto wa kwetu anajua. Hii haikuteleza. Ilikuwa inakamata ngozi, inaikausha.

Yalikuwa majani ya mpera. Chupa ya Cucu ilikuwa imekaa dirishani muda wote, haijaguswa. Kilichonichoma kilitoka kwa mama yangu mwenyewe, na hakikuwa dawa, kilikuwa cha mboga.

Nilikaa juu ya mtungi wa maji. Shiru anauliza, "Mathe, ni nini? Mathe?" Nikachukua daftari nikamwandikia yote, akasoma, akafunika mdomo na mkono. Yeye ndiye aliyempigia baba yake. Nilisikia sauti ya Kamau upande wa pili wa simu: "Kwa hivyo ni mimi. Ni mimi nilimchoma." Nikaandika haraka, Shiru akamsomea: "Wewe ulimimina. Kuandika niliandika mimi."

Kesho yake nilibeba chupa hospitalini nikamwonyesha muuguzi. Nikamweleza kwa daftari, hata ya musherekha. Alinigombeza vizuri. "Kwa nini hukutuambia? Watu wanaweka miti shamba mdomoni, wengine wanakunywa, wanatunyamazia, sisi tunabaki kubahatisha hapa!" Akamwita daktari. Daktari akasema ya kusukutua na kutema hana neno, mradi nisimeze, nisiache dawa yake, na nikisikia inachoma niache. Muuguzi akainua chupa kwa mwanga. "Hii imekaa dirishani siku ngapi? Mwaga hii. Mwili wako sasa hauna askari. Ichemshwe mpya, safi, ikae kwa friji, siku mbili tatu basi."

Mpya. Na majani yako kwa nani? Ungeniambia Ruiru imejaa mipera, ndiyo, imejaa. Ningeweza kuchuma kwa jirani yeyote. Nilikataa. Nilitaka ya Cucu na nilikuwa nimeona haya kuyaomba, kwa hivyo nikakaa tu.

Jioni Kamau akaingia na chupa. Shingoni mwa chupa palikuwa pamefungwa uzi mwekundu wa kufumia, fundo tatu. "Nimemwambia mama yote," akasema. "Hakusema kitu. Aliosha sufuria akaenda kuchuma."

"Hakusema kitu kabisa?" niliandika.

"Alisema, mwambie Nafula ile ya uzi ndiyo ya mdomo."

Nilisukutua. Ilikuwa kali kidogo, ya kukaza, kisha mdomo ukatulia, kama mtu amefunga mlango upepo ukiwa nje. Nilihesabu thelathini, nikarudia. Dawa ya hospitali asubuhi na jioni, maji ya Cucu katikati, uji baridi kwa mrija. Sitakudanganya ati ni majani peke yake yaliniponya. Nakuambia kilichofanyika. Jumatatu niliweza kusema "Shiru" bila kuandika, na mtoto akalia.

Jumanne daktari akamulika tochi. Mizani ilikuwa imepanda nusu kilo. Nusu kilo, jamani, nilitembea kama nimeshinda uchaguzi. Akasema, "Sawa. Tunaendelea."

Kemo ya nne ikaingia. Vidonda vilirudi, lakini vichache. Kila baada ya siku tatu Kamau alileta chupa ya uzi mwekundu. Mwezi mzima na zaidi, mvua ikaisha, baridi ikaanza, ukungu asubuhi mpaka saa nne, na yule mama wa miaka sabini alikuwa anatoka kwa ule ukungu kuchuma majani ya mtu aliyemtukana. Hakuwahi kukosa. Na hakuwahi kuniita maitu. Kemo ya tano Mzee Barafu alikuwa amemaliza zake. Aliniachia thamosi kwa muuguzi, na ujumbe kwamba nikimaliza nimpe mwingine. Ya sita nilinyonya barafu yangu kifua mbele, sindano ilipotolewa nikampa thamosi dada mmoja aliyekuwa ameanza juzi, nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe, "Nyonya, usitafune." Benchi yote ikageuka. Sauti ilikuwa imerudi.

Sita. Nilichelewa wiki moja, lakini sikuruka.

Kamau akasema, "Sasa mpigie mama."

"Simu haitoshi," nikamwambia. "Nilimtukana kwa bomba. Nitamwomba kwa bomba."

Nilimwomba mama yangu chupa nyingine ya musherekha, nikaifunga uzi mweusi, kwa sababu nami nimejifunza. Nikapika mrenda na kunde mpaka ukavutika vile inavyotakikana, nikautia kwa hotpot, na ugali kando. Jumamosi asubuhi, saa ya maji, tukaingia Kiandutu. Foleni ilikuwa pale, mitungi ya njano kutoka bombani mpaka kwa geti, na yule jirani msomaji akiwa wa pili kwa foleni. Cucu alikuwa amekaa kwa kigoda chini ya mpera. Matawi ya chini yote hayakuwa na majani. Aliyamaliza juu yangu.

Nimesimama mbele ya watu mia tano bila kutetemeka. Pale ilibidi niweke hotpot chini kwanza.

"Akina mama wa ploti, hamjambo!" Nikatoa ile sauti ya ruracio, na mitungi ikanyamaza. "Mimi ndiye Nafula. Mwezi wa tano hapa ilisomwa barua yangu. Ilisema huyu mama alinitumia dawa ya kunichoma. Nimekuja kuisoma upya. Nilichomwa na maji ya kupikia mboga kutoka kwetu, chupa zilichanganywa nyumbani kwangu. Dawa ya huyu mama sikuwa nimeionja. Nilimtukana bure. Na baada ya kumtukana alichuma majani ya huu mti mpaka ukabaki mifupa, na leo mnanisikia. Huu mdomo mnaousikia…" Hapo sauti ikakatika. Mimi, emsii. Machozi yakashuka na sikuwa na daftari. "Cucu, nilikukosea. Nakuomba unisamehe."

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwa mtungi uliojaa na hakuna aliyefunga bomba. Cucu akashika fimbo yake, akainuka.

"Atiriri," akasema, "tangu lini mzazi anaomba mtoto wake msamaha mbele ya watu? Mzazi humpa mtoto chakula." Akanyoosha kidole kwa hotpot. "Umeniletea nini, maitu?"

Jirani msomaji ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na foleni yote ikamfuata. Nikafungua kifuniko. Cucu akachungulia, akaona mrenda, akafunga macho kama anayeomba Mungu nguvu. Akachukua kijiko. Kamba ikavutika kutoka bakulini mpaka kidevuni kwake, wanawake wakacheka mpaka wakashikana, na yeye akameza.

"Hii ndiyo ilikuchoma?"

"Ile maji yake, Cucu."

Akalamba kijiko, akafikiria. "Ongeza," akasema.

Nikamwongezea. Kisha nikachukua kijiko changu, tukala bakuli moja, mtoto na mama yake, moto vile vile ulivyotoka, na hakuna mahali palipouma.